Kukaguana Kupe

Wivu wa dada yangu uko puani. Wenzake hupekua simu za waume zao. Yeye hunusa kola. Ni fundi cherehani, na nguo ikipita mikononi mwake lazima itoe ushahidi: jasho hili la nani, uzi huu umetoka wapi, kifungo hiki kimefunguliwa na mtu mwenye haraka gani. Mimi naishi naye na mume wake, kwenye kile chumba cha nyuma chenye magunia ya mabaki ya vitambaa, na nakuambia, katika nyumba ile hata shati lililotoka kufuliwa linaning'inia kwa wasiwasi.

Shemeji ni fundi wa majokofu. Wiki nzima ameinama nyuma ya mafriji ya watu, mpaka mgongo ukagoma. Akaambiwa hospitali kwamba dawa yake ni kutembea. Basi akajiunga na kikundi cha watembeaji: kila Jumamosi wanapanda vilima vya nje ya mji, wanapita kwenye nyasi za kiunoni, wanapiga picha na mawe. Dada hakuwa na ugomvi na mawe.

Ugomvi ulikuja na picha moja. Tulikuwa mezani, Shemeji akatoa simu kwa furaha zake zote. Pichani ameketi juu ya gogo, kichwa amekiinamisha kama anayenyolewa, na nyuma yake amesimama mwanamke mwenye kofia, vidole vyake viko kwenye nywele za Shemeji, karibu na sikio.

Dada akaweka kijiko chini. "Huyu nani?"

"Huyo? Si daktari wa mifugo, mwenzangu kikundini. Hapo ananikagua kupe."

"Anakukagua nini?"

"Kupe, mke wangu. Tukimaliza kutembea lazima tukaguane, wawili wawili. Ndiyo sheria yetu. Nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti..."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Wapi! Shemeji akianza kueleza jambo ni kama friji lililopona: linanguruma tu.

"Mpaka nyuma ya magoti," dada akasema.

"Kupe wanapenda sana huko."

"Kupe peke yao?"

Akajitahidi, maskini. Akaeleza kwamba kupe wa siku hizi wameongezeka, mvua zinanyesha zinavyotaka, joto halipungui, ng'ombe na wanyama wa porini wanalishia sehemu moja, na watu wa mjini nao ndiyo kwanza wamegundua mazoezi, wanaingia kwenye nyasi na kaptula. Mwenzao mmoja aling'atwa asijue, akalala kitandani mpaka akakonda. Tangu hapo hakuna anayepanda gari la kurudi kabla hajakaguliwa.

"Sawa. Na kwa nini usikaguliwe na mkeo?"

"Hata wanaokuja na wake zao hawakaguani nao. Watu wa nyumba moja wanakaguana juujuu, wanaona wameshazoeana."

Hapo alijichimbia mwenyewe na kujifukia.

"Daktari wa mifugo!" dada akaniambia mimi, kana kwamba nilimwajiri. "Kwani mume wangu ni ng'ombe?"

"Ana mgongo mbovu tu," nikasema.

"Wewe nyamaza." Akamgeukia mumewe. "Kuanzia leo nakukagua mimi. Mkono mwingine ukikugusa, usirudi hapa."

Shemeji akachagua amani. Jumamosi iliyofuata alimwambia yule daktari, kwa adabu, kwamba amepata mkaguzi nyumbani. Akapanda gari kama alivyotoka kwenye nyasi.

Alipoingia sebuleni, dada alikuwa tayari, taa ya cherehani inawaka. Shemeji akavua shati, akasimama na fulana, mikono juu, kama mwizi aliyekubali yaishe. Dada akalichukua shati. Akaligeuza nje ndani. Akapita mshono kwa mshono, akapekua mfuko, akanusa kola, akanusa tena, akafunga macho kama anayeonja chumvi. Halafu akachomoa kitu kwa ncha za kucha.

"Uzi wa kijani. Mimi sina uzi wa kijani."

"Ni wa begi langu."

"Begi lako ni jeusi."

"Kamba zake ni za kijani, mke wangu. Wewe ndiye uliyezishona!"

Niliangalia begi pale mlangoni. Kamba zilikuwa za kijani kabisa. Lakini dada akishapata uzi hauachi mpaka uishe, na ule ulikuwa mrefu. Walipomaliza kugombana, shati lile lilikuwa limekaguliwa kuliko mzigo wa uwanja wa ndege. Mwenye shati bado alikuwa amesimama.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe nenda kaoge. Ulale hapo kwenye kochi."

Akalala kwenye kochi. Mwilini mwake hakuna aliyeangalia.

Katikati ya wiki wakapatana, kwa maana ya kwamba dada alianza tena kumpa chai kwa kikombe badala ya kumwachia birika. Lakini ilipokaribia Jumamosi nyingine Shemeji akaanza kutetemeka. Kichwa, viungo, shingo, kila kitu kinauma. Dada akamtazama kwa mashaka.

"Homa ya kumkosa mtu hiyo," akaninong'oneza. "Angalia imeanza siku gani."

Hata hivyo alimpeleka kituo cha afya. Kipimo cha malaria kikatoka safi, wakapewa vidonge vya maumivu, wakarudi. Homa haikushuka. Jumamosi ikapita yuko chini ya mablanketi. Jumapili mchana alikuwa hali chakula, hainui kichwa, anaongea peke yake kuhusu kompresa ya friji la mtu. Dada hakuwa na mzaha tena. Alikuwa akimfuta jasho kwa vipande vya kitambaa kizuri alichokuwa amemwekea mteja.

Mlango ukagongwa. Nikafungua, nikasema moyoni: leo tumekwisha.

Alikuwa yeye, daktari wa mifugo. Na afadhali angekuwa mbaya! Dada wiki zote alijifariji kwamba anayeshinda na ng'ombe lazima afanane nao. Huyu alikuwa mzuri, mrefu, mwenye shingo ya kuvalia mkufu, na kwa kuongezea hasara, anacheka vizuri.

"Hodi jamani. Nimesikia mwenzetu anaumwa. Shikamoo, mama."

Dada ana miaka sawa na yeye, au tuseme hawapishani sana. Shikamoo ile ilimwingia kama sindano ya cherehani kidoleni. "Marahaba," akasema, kwa meno.

Mgeni hakumkaribia Shemeji. Alisimama mlangoni mwa chumba, akauliza, "Ile Jumamosi alipokataa nisimkague, nani alimkagua?"

"Mimi," dada akasema.

"Ulimkagua wapi?"

Mimi nikatazama dari. Dari yetu ina doa linalofanana na bata.

"Shati," dada akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Nilidhani mgeni atacheka. Hakucheka. "Basi mkague sasa. Mimi nitakuelekeza, simgusi. Anza na nyuma ya sikio. Pitisha vidole kinyume na nywele. Kwapani. Kiunoni, pale mkanda unapobana. Sasa goti, kwa nyuma."

Dada akasita. Akaivuta taa. Nyuma ya goti la kulia palikuwa na kidonda kidogo chenye gamba jeusi katikati, pembeni pekundu. Kupe mwenyewe alishashiba, akaenda zake. Kwenye kinena mtoki umevimba.

"Hiyo ni homa ya kupe," mgeni akasema. "Mimi wangu ni ng'ombe, siwezi kumtibu. Mrudisheni kwa daktari leo hii, mwonyesheni hilo gamba, mwambieni alipita kwenye nyasi. Bila kuambiwa hawezi kujua aangalie goti."

Dada alimvalisha mumewe mwenyewe. Shati aliokota la kwanza, hata hakulinusa.

Daktari wa kituo cha afya alipoona gamba akatikisa kichwa, akaandika dawa nyingine. Siku ya pili Shemeji akaomba uji. Ya tatu akaomba msamaha, hata sijui wa nini. Dada akamwambia anyamaze anywe.

Sasa usifikiri wivu uliisha. Ulinunuliwa viatu. Shemeji alipopata nguvu ya kurudi vilimani, dada alitangaza kwamba anaenda naye, na mimi nikafuata, kwa sababu sinema ya bure siikosi. Tulitembea, tuliloa jasho, dada akanung'unika njia nzima. Mwisho, kwenye lile gogo, kiongozi akapanga watu wawili wawili. Shemeji akapewa mzee mmoja dereva mstaafu mwenye vidole kama ndizi. Dada akapewa daktari wa mifugo.

Mgeni wetu akavua kofia, akaketi, akainamisha ile shingo yake.

Mimi nilikuwa pembeni, mzee mwingine ananichunguza sikio, kwa hiyo niliona vizuri. Vidole vya dada vikapita kinyume na nywele. Vikasimama. Chini kabisa ya kisogo, kwenye mpaka wa nywele, palikuwa na kitu kidogo cha kahawia, kama punje ya ufuta iliyoota miguu.

Dada akaitazama shingo ile. Akamtazama Shemeji kule, anavyotekenywa na dereva. Akaitazama tena shingo. Mimi namjua dada yangu. Nilijua kabisa anafikiria nini.

"Vipi, pako safi?" mwanamke akauliza, bado ameinama, anamwamini.

Dada akamshika kichwa.

"Tulia hapo," akasema. "Usitikisike. Yuko mmoja. Mdogo wangu, lete kibano."

Akambana karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole, moja kwa moja, bila kumzungusha, kama anayefumua mshono wa hariri. Akamwonyesha.

"Asante, dada," mwanamke akasema. "Ningelala naye huyu."

"Lala naye huyo," dada akasema, "wangu niachie."

Yule akacheka kile kicheko chake kizuri. Dada akakunja uso, akamgeuza kichwa kwa nguvu kidogo, akaendelea na sikio la pili.