Saladi ya Nyumba ya Sita

Uma ulikuwa mmoja na watu walikuwa sita. Ulianza kwa Godefroid, ukazunguka meza, na kila ulipomfikia mtu, alitakiwa kuushika kwa mkono wa kushoto, meno yakitazama chini, achome jani moja la kabichi mbichi, alitie mdomoni, afunge mdomo, atafune bila sauti, ameze, halafu aseme kwa Kifaransa kwamba leo kumepoa kidogo kuliko jana. Ulipomfikia Adalbert ulikuwa na joto kama mkono wa mgonjwa. Yeye alikuwa ametoka darasani moja kwa moja, tangu asubuhi hakuna kilichoingia tumboni. Akachoma majani matatu.

“Moja, Adalbert. Moja!” Ba Alexis alipiga meza kwa rula. “Muzungu anakula sawa vile hana njaa. Njo maana ni muzungu. Weye unakula sawa vile mbuzi ya Kabongo.”

Wenzake watano wakacheka. Adalbert naye akacheka, mdomo umejaa kabichi, na hilo likawa kosa la pili.

Mwaka ule wa 1953 ilikuwa imetoka amri. Kila monitere, yaani mwalimu wa shule ya msingi, asiye na diploma afanye mtihani, la sivyo darasa lake apewe mwingine kabla ya Septemba. Adalbert alikuwa amefundisha miaka kumi na mmoja katika shule ya matofali kule Katuba, watoto sabini na wawili wakibanana kwenye mabenchi kama dagaa kwenye karatasi. Waliojua kusoma pale cité, mtaa wa Waafrika, wengi wao walikuwa wamejulia kwake. Lakini diploma hakuwa nayo. Na nyumba aliyokaa ilikuwa nyumba ya kazi: darasa likienda, nyumba inalifuata kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Mtihani wenyewe ulikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza ni karatasi: imla, hesabu, somo la mfano. Mguu wa pili ni nyumba. Inspekteri na mupe, yaani padri wa misioni, wanakuja kula kwako chakula cha mchana, waone kama mtu anayefundisha ustaarabu anao na nyumbani. Karatasi iliangusha wachache. Wengine wote waliangukia mezani.

Ndiyo maana Ba Alexis hakukosa wanafunzi. Alikuwa karani mstaafu mwenye kadi ya mstaarabu, ina picha yake na muhuri, na wakati wa kuipata alitembelewa nyumbani akafaulu. Siku hiyo alikuwa amewapa wageni wake saladi mbichi, sardini, mkate uliokatwa pembe tatu na kahawa kwenye vikombe vyenye visahani. Chakula hicho alikifundisha kama Baba Yetu. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Kitambaa cha meza alikuwa nacho kimoja, cheupe, na aliahidi kwamba juma la ukaguzi kitapita nyumba kwa nyumba. Jumamosi walikuja na wake zao, nao wakafundishwa kukaa kwenye kiti bila kumtazama mume kwanza.

“Sasa muniambie miye ukweli bote,” Ba Alexis alisema siku moja. “Miye niko sawa munganga. Adalbert, mu nyumba yako kuko banani?”

“Miye, bibi, batoto babili,” Adalbert alisema. “Na mama ya bibi.”

Godefroid alipiga mluzi mdogo.

“Ule naye atakaa ku meza,” Ba Alexis akasema.

“Ba Alexis! Ule ni bukwe yangu!”

“Nasikia. Inspekteri naye atafungua buku ya cité, ataona majina tano. Akihesabu bantu bane ku meza, atauliza: wa tano iko wapi? Utasema nini? Iko ku jiko, namuficha sawa mbwa?”

Mama Kapinga, huyo bukwe, yaani mkwe wake, alikuwa amefika mwezi wa tatu kutoka Kabongo, kumwogesha mjukuu aliyezaliwa. Kwa miezi minne alikuwa amelala jikoni nyuma ya nyumba, na Adalbert hakuwa amewahi kumwona uso. Kwao, mwanamume na mama wa mkewe hawaonani, hawali pamoja, hawaitani jina. Alimjua kwa kikohozi na kwa visigino. Adalbert akipita uani, mama yule alijifunika kitenge mpaka kichwani na kugeukia ukuta. Wakiwa na neno la kuambiana, waliupa mlango.

“Weye mulango,” ilikuwa ikisema sauti ya jikoni, “ambia ule bwana maji ya kuoga iko tayari.”

“Weye mulango, sema aksanti,” alikuwa akijibu Adalbert. Na mlango, kwa heshima yake, haukuwahi kupotosha ujumbe.

Njia ya kuvunja mwiko ilikuwepo. Mbuzi, jembe jipya, pombe, na wajomba wa pande mbili wakae pamoja kule Kabongo wamfungue mtu macho. Barua ya kufika kule ilichukua mwezi, na mbuzi haingii kwenye bahasha. Ukaguzi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Jioni ile Adalbert alimweleza mkewe. Albertine alikuwa ananyonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Unaniomba nimwambie mama avue nguo mbele yako,” alisema.

“Ni kula tu, mama Régine.”

“Njo vile nimesema.”

Alimhamisha mtoto titi, akainuka, akaenda jikoni. Adalbert alibaki anautazama mlango. Hakusikia kilio wala ugomvi. Alisikia sufuria ikikwanguliwa muda mrefu, sufuria ambayo kwa hakika ilikuwa imekwisha takata. Mwishowe sauti ikaja.

“Weye mulango. Ambia ule bwana: bengine banauzisha ngombe juu ya kupata nyumba. Yeye anauzisha haya yangu. Ambia yeye nitakula. Mara moja. Na sitaki kujifunza.”

Matokeo ya karatasi yalitoka Ijumaa. Adalbert themanini na nne kwa mia, wa kwanza kati ya sita. Ba Alexis aliibusu ile karatasi, kisha akamwonya asivimbe kichwa, kwa sababu kichwa hakiliwi kwa uma.

Juma lililofuata inspekteri na mupe walianza kuzunguka. Jumatatu kwa wa kwanza, Jumanne kwa wa pili; Godefroid alikuwa Ijumaa. Kila aliyemaliza alileta habari moja: wamekula, wameandika, wameondoka, hawakusema kitu. Ba Alexis akatafsiri kimya hicho kuwa heri.

Jumamosi ilikuwa ya Adalbert. Kitambaa kilifika asubuhi kutoka kwa Godefroid, kimefungwa kwenye gazeti, bado na unyevu. Albertine alikipiga pasi mpaka moshi ukatoka. Alama ya mafuta iliyokuwa katikati aliikalisha sahani ya mkate juu yake. Mtoto mchanga alilazwa. Binti yao Régine, mwenye miaka saba, aliketishwa mikono juu ya meza kama sanamu ya kanisani. Viti viwili vilikuwa vya jirani.

Inspekteri alikuwa mtu mwembamba mwenye jasho. Mupe alikuwa na ndevu na Kiswahili kizuri. Walitazama kitanda, walitazama choo, walifungua buku wakahesabu majina. Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka na Mama Kapinga akaingia bila kitenge kichwani.

Adalbert alikuwa amejichorea kikongwe akilini. Aliyemwona hakuwa amemzidi yeye kwa miaka mingi: mwanamke mwenye mwanya, mwenye chale za zamani kwenye pembe za macho, mdomo wa Albertine kabisa. Adalbert alishusha macho kwenye sahani yake na kuyaacha huko.

Walikula. Mama Kapinga alishika uma jinsi mtu anavyoshika nyoka anayedaiwa kuwa amekufa. Alichoma jani. Alitafuna. Hapakuwa na sauti nyingine mle ndani ila jani lile likivunjika kati ya meno ya mama wa mkewe, na Adalbert akalisikia lote, mpaka liliposhuka kooni. Jasho lilimtoka mama yule juu ya mdomo, naye hakulifuta, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kama inaruhusiwa.

“Huyu mama,” inspekteri aliuliza kwa Kifaransa, “kwa kawaida anakula hapa, pamoja nanyi?”

“Kila siku, bwana inspekteri.”

Lilikuwa neno lake la kwanza kulisema mbele ya uso wa mama mkwe wake bila mlango kati yao.

Albertine alimgusa mguu chini ya meza. Adalbert akakumbuka, akanyoosha mgongo, akasema kwa Kifaransa kisicho na doa:

“Leo kumepoa kidogo kuliko jana.”

Inspekteri aliweka uma chini. Mabega yalianza kumcheza, na ilichukua muda Adalbert aelewe kwamba anacheka.

“Mon père,” alimwambia mupe, “tangu Jumatatu saladi hii tumeila mara ngapi?”

“Hii ni ya sita,” mupe akasema.

“Na kumepoa mara sita.” Akainua sahani ya mkate. “Na doa hili ninalijua. Ni sardini yangu. Niliidondosha mwenyewe Jumatano, nyumba ya tatu.” Akajifuta macho kwa pembe ya kitambaa kilekile. “Wanaiga vizuri sana. Vizuri mno.” Akatoa kalamu, akaandika.

Mupe aliona aibu kidogo, au pengine ilikuwa kahawa. Akamwinamia Adalbert, akasema Kiswahili, kwa upole:

“Mutoto yangu, usikasirike. Ustaarabu ni kitu ya ndani. Haitoke ku mafundisho.”

“Mupe,” Adalbert akasema, sauti yake ndogo, “miye niko monitere miaka kumi na moja. Kama haitoke ku mafundisho, sasa bantu banaipataga wapi?”

Mupe alifikiri. “Ku mama yabo,” akasema. “Mutoto anainyonya ku mama.”

Pale mwisho wa meza Mama Kapinga alikuwa bado anakula. Hakuna aliyemwambia kwamba imekwisha. Alimaliza saladi yake, akavuta sahani ya Régine aliyeshindwa, akamaliza na hiyo.

Aliondoka Jumanne kwa treni ya Kamina, kabla ruhusa yake ya kukaa mjini haijakwisha. Adalbert aliporudi kutoka shuleni alikuta jiko limefagiliwa na mtoto mchanga anapiga kelele.

“Amesema nini?” alimwuliza mkewe.

“Kwako hakuna kitu.”

“Na kwako?”

Albertine alikuwa anatafuta maji ya kumwogeshea mtoto, kazi ambayo mpaka jana haikuwa yake. “Amesema ku Kabongo batamuuliza kama bukwe yake iko muntu wa namna gani. Atasema hajamuona.”

Alhamisi Adalbert aliitwa ofisini kwa inspekteri. Karani wa pale alikuwa Yuma, mtu wa Maniema, mwenye kofia nyeupe iliyoshonwa vizuri na huruma isiyo na mahali pa kukaa. Alimsomea barua akiwa amesimama. Karatasi: vizuri sana. Nyumba: mtahiniwa anaiga vizuri; ustaarabu bado haujamwingia. Arudie baada ya miaka miwili. Darasa litachukuliwa na mwingine tarehe mosi.

“Bote sita?” Adalbert akauliza.

“Bote sita. Maneno ni moja tu.” Yuma akakuna shingo. “Ba Alexis alipita hapa asubuhi. Anasema kosa ilikuwa saladi. Ile session ingine ya mutihani atafundisha supu. Amesha kupata bantu munane.”

Adalbert akaikunja barua yake mara mbili. Alipofika mlangoni, Yuma akamwita.

“Monitere. Samahani. Mashine ya kuandika iko ku matengenezo, na bwana mukubwa anataka barua za benzako mbele ya saa sita. Muandiko yangu ni kuku amepita mu matope. Weye unajua kuandika. Nisaidie, ndugu yangu.”

Adalbert alisimama. Angeweza kukataa, lakini kukataa pia kungeandikwa mahali. Akavuta kiti, akaketi, akachovya kalamu kwenye wino. Alimwandikia Godefroid kwamba anaiga vizuri. Akamwandikia wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Yuma alisimama nyuma yake akiangalia.

“Eee,” alisema, na alikuwa anamaanisha kabisa. “Unaandika sawa kitabu.”

Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine, ya rangi ya waridi, iliyokwisha pigwa mihuri chini. Mistari ilikuwa imechapwa, nafasi mbili tu zilikuwa wazi: namba ya nyumba, na jina la mtu anayetakiwa kuihama ndani ya siku thelathini.

“Na hii moja,” Yuma akasema, akitazama dirishani. “Ya mwisho.”

Adalbert aliikausha ile ya tano kwa karatasi ya kunyonya wino, akaiweka kando, sawasawa na zingine. Akajaza namba. Halafu akaandika jina lake vile alivyokuwa akiandika ubaoni, herufi kubwa, za duara, zilizotengana, hata mtoto wa benchi ya mwisho asome.