Afya ya Kioo Kitupu

Mtafiti aliweka chini ya leza kioo kizuri cha kupimia, kitupu, kisicho na hata seli moja, na kompyuta ikamjibu bila haya: mzima.

"Mzima nani?" aliiuliza. "Kuna nani hapo?"

Akachukua kioo kingine kitupu, cha bei rahisi. Mgonjwa. Jamani, mwaka mzima anaifundisha kutambua seli za saratani ya kinywa kwa mwanga unaorudi leza inapozimulika, kumbe alikuwa anatwanga maji kwenye kinu! Seli za wagonjwa zilitoka hospitali kwenye vioo vya kawaida. Za wasioumwa alizichukua mwenyewe kwa wafanyakazi wenzake, akaziweka kwenye vioo vizuri vya maabara. Kompyuta haikujifunza seli, ng'o. Ilijifunza vioo, ikapata mia kwa mia, na yeye akaisifu mbele za watu.

Yangekuwa ya kucheka kama si shangazi yake, aliyemlea, mwenye kidonda ndani ya shavu kisichopona. Daktari alitaka kukata kinyama akipime. Shangazi akakataa katakata. Ndipo mtafiti akamsugua kidonda kwa brashi ndogo, akaziweka seli zake kwenye kioo bora kuliko vyote, maana shangazi si mtu wa kuwekewa kioo cha hovyo. Mzima, ikasema kompyuta. Shangazi hakukanyaga tena kwa daktari.

Mtafiti alimkuta shangazi nyumbani, anakunja nguo.

"Shikamoo, shangazi. Lile jibu silo."

"Marahaba. Silo vipi?"

Akamweleza yote, vioo na upuuzi wake.

"Kwa hiyo ninaumwa?"

"Sijui. Na kompyuta haijui. Haijawahi kujua."

"Ingesema ninaumwa, ungekuja kuniambia imekosea?"

"Ningekuja mbio."

"Wewe na mashine yako mmenichosha," shangazi alisema. "Nilishaanza kulala usingizi kama binadamu, umekuja kuniamsha."

Mtafiti alikasirika, na hakujua amkasirikie nani. Shangazi akavaa viatu, akasimama, kisha akakaa tena.

"Kukatwa siogopi," alisema. "Nilikudanganya. Naogopa kujua."

Mtafiti akakaa kando yake, akamshika mkono.

"Hata mimi naogopa, shangazi. Twende."

Shangazi alifunga mlango mwenyewe. Njia nzima hadi kwa daktari, mkono wa mtafiti hakuuachia.