Silanti Juu ya Nta

Pop. Kifuniko cha mkebe kilibanduka gizani, taratibu, kama mgeni anayejizuia kukohoa. Nilikuwa macho. Mwanamke aliyeolewa na mwenye gari hujifunza upesi sauti za nyumba yake: ile si sufuria, ile si panya, ile ni nta.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Lala, mke wangu. Nalipaka kidogo tu kabla jua halijatoka."

Kidogo tu. Tangu gari lile liingie uani kwetu, limepakwa "kidogo tu" mara nyingi kuliko binti yetu alivyopakwa mafuta tangu azaliwe, na binti yetu ana ngozi kavu.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Gari lenyewe ni zuri. La mtumba, jeusi, na injini yake haina makelele. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani tumelinunua ili litubebe. Mume wangu alikuwa na mawazo ya juu zaidi. Kwake yeye gari ni kitu cha kulindwa: kulindwa na jua, na vumbi, na mavi ya ndege, na zaidi ya yote kulindwa na abiria. Mtoto akilisogelea akiwa na andazi mkononi, baba mtu alikuwa anaruka kama ameona moto. Kazini alikwenda kwa miguu. "Barabara ile ina kokoto," aliniambia, kana kwamba mtaa wetu una barabara isiyo na kokoto.

Na kila akimaliza kupaka, sote lazima tuitwe uani. Anachukua kikombe cha maji, anayamimina juu ya boneti, na maji yanajikusanya matone matone na kuteleza hadi chini.

"Mnaona hizo shanga? Mnaziona?"

Tunaziona, baba. Na mtungi wa maji ya kunywa nao unaziona.

Lakini siku hiyo nilimwacha apake, kwa sababu siku hiyo haikuwa ya mchezo. Mama yake alikuwa anatoka hospitali baada ya kupasuliwa mguu. Mwanawe alikuwa amemwahidi pale pale kando ya kitanda: "Mama, siku ya kutoka nitakuja mwenyewe kukuchukua, kwa gari langu." Mama mkwe alivuta shuka hadi kidevuni. Ila kabla hatujafika getini, wodi nzima ilikuwa na habari. Muuguzi alijua, mgonjwa wa kitanda cha pili alijua, mfagiaji alitupungia mkono na kuuliza ni gari la rangi gani. Katika watoto wote aliowalea mama yule, hakuna hata mmoja aliyewahi kumfungulia mlango wa gari na kusema, hili langu, ingia.

Sasa, kwa siku kubwa kama hiyo nta peke yake ingetosha? Haiwezekani. Mume wangu alikuwa amenunua silanti. Kwa wasiobahatika kuishi na mtaalamu, nieleze: nta hukaa juu ya rangi ya gari kama mafuta juu ya ngozi, inapendeza, na baada ya wiki kadhaa jua na maji vimeimaliza. Silanti ni maji mazito ya kiwandani, nayo inataka kujishika na rangi yenyewe, na ikijishika inadumu miezi. Mtu akitaka vyote viwili hutanguliza silanti kwenye rangi iliyooshwa ikatakata, akaiacha ikauke, ndipo aweke nta juu yake. Mume wangu alikuwa na njia yake. Nta alfajiri, silanti baada ya chai.

"Ulinzi mara mbili," alisema, akitikisa chupa.

"Na hiyo ya pili itajishika na nini," nikauliza kwa upole, "ikiwa chini kuna mafuta?"

"Kemia ya darasa lako la jioni iache huko huko darasa la jioni."

Sawa. Nikarudi kumvisha mtoto.

Nilipotoka tena, jua limeshapanda na bati la gari linachoma. Mume wangu alikuwa ameipaka silanti gari zima, sasa anasugua ili litoe ule mng'aro. Halikutoa. Lilitoa utandu mweupe, mzito, unaohama. Akisugua mlango wa mbele, utandu unahamia mlango wa nyuma. Akiufuata huko, unarudi. Gari jeusi lilikuwa limekaa kama mtoto aliyemwagiwa poda na kaka yake.

"Inakauka," alisema bila kunitazama. "Ndivyo inavyoanza."

Simu ikaita. Ni wifi yangu, dada yake mkubwa, aliyekuwa na mama kule wodini. Nikaweka sauti ya nje.

"Mko wapi nyie? Mama kavaa tangu hakujapambazuka. Kakaa ukingoni mwa kitanda, mfuko magotini, hataki hata chai, eti mtamkuta anakunywa."

"Mwambie tunakuja," mume wangu akasema. "Gari linakauka."

"Linakauka? Kwani mmelifua?"

Nikakata simu kabla hajapata nafasi ya kufurahia zaidi. Mume wangu alisugua tena, akarudi nyuma, akatazama, akasugua. Kisha akasema kile nilichokuwa nakiogopa.

"Nitamtumia teksi. Nzuri, ya viti safi. Gari atalipanda siku nyingine."

"Siku gani?"

"Siku nyingine. Siwezi kumpandisha mama yangu kwenye gari lenye ukoga. Watu wote wale wodini watatoka kuangalia."

"Hao watu wamemtibu au wamekuja kununua gari?"

Alikuwa ameshika sponji kwa mikono miwili, kifuani, na niliona jinsi kidevu chake kilivyokuwa kinamsaliti. Hapo kejeli zangu zote zikaniishia mdomoni. Mtu mzima yule hakuwa anaringia majirani. Alikuwa anamtayarishia mama yake gari, tangu siku lilipoingia uani, na alikuwa ameliharibu asubuhi ya siku yenyewe.

Nikaingia jikoni, nikarudi na ndoo na sabuni ya vyombo.

Aliitazama ile sabuni kama nimeshika kisu. "Hiyo inatoa nta yote!"

"Ndiyo maana nimeileta."

"Unajua ni tabaka ngapi zile? Unajua nimeamka mara ngapi?"

"Najua, mume wangu. Nilikuwa nalala kitanda kile kile. Shika ndoo."

Tukaosha. Ilikuwa kazi ya kusikitisha kwelikweli. Mapenzi yote yale yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji pamoja na povu la kuoshea vijiko. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alisimama mlangoni na futi yake shingoni, akauliza kama tunaliuza. Tukaendelea kusugua. Boneti ikatakata. Upande wa dereva ukatakata, ukarudi kuwa mweusi wa kawaida, mweusi wa gari la watu. Tulikuwa tunazunguka upande wa pili simu ilipoita tena.

"Kitanda wamekichukua," wifi alisema, na safari hii hakuwa anacheka. "Mama yuko benchi la nje, juani. Wamemwitia teksi, kakataa. Anasema mwanangu anakuja na gari lake. Sasa nimwambie nini?"

Mume wangu alidondosha sponji ndani ya ndoo. "Ingieni," akasema.

Tukatoka na gari la rangi mbili: upande wa dereva safi, upande wa abiria umepauka kama goti. Njiani nilidhani amekubali yaishe. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

Tulipoingia uwanja wa hospitali niliiona hesabu yenyewe. Mama mkwe alikuwa pale kwenye benchi, gongo kando, kitambaa kipya kichwani, wifi amesimama karibu yake. Aliliona gari. Aliinua mkono. Mume wangu akapita.

"Unakwenda wapi?"

"Nageuza. Nataka upande mzuri uwe kwake."

"Upande mzuri ni wa dereva! Mama ataingilia upande wa abiria!"

"Ataona upande mzuri kwanza, halafu atazunguka."

"Azunguke na mguu upi?"

Alikuwa ameshageuza. Tukapita tena mbele ya benchi, taratibu, kama msafara wa mheshimiwa. Mama mkwe aliinua mkono kwa mara nyingine, juu zaidi. Nafasi ya kusimama ilikuwa finyu, akapita, akageuza tena ajaribu upya. Mlinzi akauliza kwa sauti, "Kaka, umepotea?" Mimi nilikuwa nageuza shingo kumtazama mama. Mkono wake ulikuwa bado uko juu. Kisha ukaanza kushuka, kidogo kidogo, ukarudi juu ya mfuko, na akamtazama wifi kama anayemwuliza kama amekosea gari.

"Simama," nikasema. "Simama hapa hapa. Amedhani si wewe."

Akasimama. Sikuwa nimewahi kuona breki zikikanyagwa hivyo. Tulisimama vibaya, mshazari, na ule upande wa utandu ukimkabili mama yake waziwazi.

Alishuka mbio. "Mama, samahani, samahani sana. Usiitazame hiyo rangi. Nilitanguliza nta, kumbe ilitakiwa silanti, halafu jua..."

"Hili ndilo linalokauka?" wifi akauliza, akimshika mama yake kwapani.

"Nyamaza, dada."

Mama mkwe alifika kwenye gari kwa hatua zake fupi. Akaegemea mlango kwa kiganja chake chote kupumzika, na alama ya kiganja ikabaki pale kwenye utandu, vidole vyote vitano, na mistari. Nilimwona mume wangu anameza mate.

"Ni lako?" mama akauliza.

"Ni langu, mama."

"Nilidhani umenipita."

"Siwezi kukupita, mama."

"Basi fungua, baba. Mguu unaniwaka."

Akafungua. Akamwinua mguu kwa mikono yake, akauweka ndani polepole kama kitu cha kioo, akamfunga mkanda, akaufunga mlango kwa kuusindikiza. Sisi tukajipanga nyuma: wifi, mtoto, mimi.

Tukashika njia ya nyumbani. Alikwepa kila shimo. Sikuuliza ni kwa ajili ya mguu au ya bampa, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa na hakika ya jibu. Lori likatutangulia likatumwagia vumbi la kutosha kujengea nyumba, na hakujali. Alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anamweleza mama yake, kwa kirefu, bila kuondoa macho barabarani, jinsi gari linavyolindwa. Kwanza unaosha. Halafu unatafuta kivuli. Silanti unaitanguliza, mama, kidogo sana, kitambaa laini, unaiacha. Wengi hapo ndipo wanapokosea, hawaiachi. Mwanzoni mama alikuwa anaitikia, eeh, eeh. Alipofika kwenye nta, hakuna aliyeitikia, naye akaendelea tu, akazidisha sauti kidogo, na wifi akaniminya paja tusicheke.

Mtoto akajivuta mbele, akachungulia kati ya viti.

"Baba, Bibi amelala."