Mchele ni Mmoja

Usiku wa jana niliota Idi imeshaingia, na sebule ya marehemu mama imejaa ukoo mzima. Wamekaa mikekani, mikono wameshanawa, wanasubiri pilau. Na kwa kuwa mkono ulionawa haugusi kitu mpaka uguse chakula, wote wameinyoosha juu. Shangazi Mwanaheri anawashwa pua wala hajikuni.

"Mwantumu mwanangu," ananiambia, "fanya hima. Pua haina subira."

Kaka yangu mkubwa, Chande, hajanawa. Yeye ndiye aliyetamka, mara tu baada ya arobaini ya mama, kwamba mwaka huu kila mtu ale Idi kwake. Nikamjibu kwamba watakula hapa hapa, hata ikinibidi kupika peke yangu. Nilijua tukikosa Idi moja tu, sisi ndugu tutakuwa watu wa kuonana misibani. Sasa amesimama mlangoni, mguu ndani mguu nje, na ule wa nje unanyeshewa mvua.

"Mimi napita tu," anasema.

Nina watu wa kulisha.

Nafungua gunia la mchele. Ndani mna punje moja, imekunja nne.

"Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani? Mchele ni mmoja."

"Na mapishi?"

"Mbali."

"Mbalimbali, unataka kusema."

"Nimesema mbali. Halafu mbali tena."

Basi. Naifunga punje kwenye pindo la kanga, najitwika sufuria ya shughuli, natoka uani kutafuta mafiga. Nakuta figa moja tu. Linaniambia mwenzake yuko Korogwe. Nageuka kuuliza njia, na tayari niko Korogwe, sokoni, mbele ya figa linalouza machungwa.

"Twende nyumbani, leo Idi," naliambia.

"Nani kasema? Mwezi umeonekana?"

"Umeonekana."

"Umeonekana wapi? Mimi sifungui kwa mwezi wa kuhadithiwa."

Kila mwaka ni hivi hivi, na kila mwaka nakasirika. Natua sufuria, naijaza maji kwenye bomba la soko, nasimama mikono kiunoni. Sitoki hapa. Mwishowe mwezi mwandamo unakuja wenyewe, unaelea katikati ya maji, mwembamba kama kucha.

"Haya, tazama."

Figa linachungulia. Linafunika machungwa yake, linasema "Idi mubaraka," na kunisaidia kubeba.

Uani nalipanga kando ya mwenzake, lakini la tatu halipo, na sufuria inalala upande.

"Jifya moja haliinjiki chungu," linasema figa la Korogwe. "Na mawili ndiyo yanamwaga kabisa."

Napiga magoti, natia bega langu chini ya sufuria. Inakaa sawasawa. Ila sasa hakuna wa kupika.

"Kaka Chande!" naita. "Njoo unishikie hapa."

"Nimesema napita tu."

"Pitia huku basi!"

Sauti inatoka na kilio, wala sioni haya. Namwambia mama hayupo na mimi peke yangu siwezi. Mguu wake wa nje unaingia ndani, unachuruzika maji. Anakuja uani, anapiga magoti, anatia bega. Yule kaka mzima na kanzu yake nyeupe.

Nafungua fundo. Punje inajirusha ndani ya sufuria, ikiniagiza nisiibanie bizari. Nafunika, napalia makaa juu ya mfuniko. Nikifunua, pilau imejaa mpaka ukingoni. Napakua sinia baada ya sinia, na kule sebuleni mikono inashuka yote kwa pamoja. Shangazi anakula tonge la kwanza, ndipo anajikuna pua, anashukuru Mungu.

Chande haendi sebuleni. Ameinamia sufuria na mwiko, anakwangua ukoko.

"Mama alikuwa ananiachia mimi," anasema, mdomo umejaa.

"Najua. Kula."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha na takbira zinasikika msikitini. Sufuria ilikuwa imepinduliwa pale nilipoiacha, kavu, na moto sijawasha. Hodi ikapigwa. Alikuwa Kaka Chande, anachokonoa meno kwa kijiti.

"Nimekuja kukupa mkono wa Idi," akasema. "Sikai."

Kisha akakitoa kijiti mdomoni. Kijiti kilikuwa kimenasa kitu. Akakiweka kiganjani tukakitazama wote: kipande cha ukoko wa kahawia, na mbegu ya bizari imeng'ang'ania juu yake.

"Mwantumu," akasema polepole, "mimi jana nimefuturu uji mtupu."

Akautazama ukoko, akanitazama mimi, akaurudisha mdomoni akautafuna. Kisha akavua viatu.