Tuta la Greda

Asubuhi ile Helmi Karvonen aliwasha mashine yake mpya ya kutupa theluji, akaisukuma mpaka mwisho wa njia ya gari, akakuta kazi imekwisha. Greda la kaunti, lile la kusukuma theluji barabarani, lilikuwa limepita alfajiri, na kila lipitapo huacha tuta la theluji ngumu, la kufika kiunoni, limeziba pale njia za nyumbani zinapoingia barabarani. Kwa majirani wote tuta lilikuwapo. Kwake palikuwa na pengo safi, kingo zimenyooka kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali. Helmi akazima injini. Akatazama huku na huku kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake wazi.

Mwingine angeshukuru. Helmi alikasirika, na hasira yake ilikuwa na sababu.

Mwanzoni mwa Novemba binti yake, Marlene, alikuja kutoka Milwaukee na maneno ameshayapanga. Baba hayupo tena, mama ana miaka sabini na sita, na huku kando ya ziwa theluji inaanguka kana kwamba ina ugomvi na watu. Walibishana hadi kahawa ikapoa. Mwishowe walikubaliana: baridi hii Helmi aondoe theluji yake mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Akiweza, hatasumbuliwa tena. Akishindwa, nyumba itauzwa naye atahamia Milwaukee, kwenye chumba ambacho Marlene alikuwa ameshakipaka rangi. Hiyo rangi ya mapema ndiyo iliyomuudhi Helmi kuliko yote.

Ndipo akaenda mjini akanunua mashine, nyekundu, yenye taa mbele na vishikio vya kupasha mikono joto. Marehemu mumewe, Waino, asingeikubali. Waino alikuwa mtu wa beleshi la kusukuma, lile pana kama beseni la kuogea, ambalo wanaume wa huku hulisukuma kwa tumbo mpaka siku ya kuingia kaburini. Lakini Waino alikuwa ameshaingia, na Helmi hakuwa na haraka ya kumfuata.

Aliyemtia wasiwasi tangu mwanzo ni Reino Saari, mzee mgane wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Kila Helmi alipotoa mashine, Reino alisimama dirishani na kikombe chake, macho kodo. Wiki ya kwanza mashine ilimeza gazeti lililofukiwa na theluji, ikakohoa, ikatapika vipande vya karatasi juu ya misonobari, ikanyamaza. Helmi alikuwa anachokonoa koo la mashine kwa mpini wa ufagio Reino alipotokea barazani kwake.

"Habari za leo zinasemaje, Helmi?"

"Zinasema kila mtu ashughulike na kwake."

"Ah, hizo basi za jana!"

Siku mbili baadaye Marlene alipiga simu. Katikati ya mazungumzo akauliza, kama anayepita tu, "Hiyo mashine yako haijakwama kwama, mama?" Helmi akajua. Hakuwa na ushahidi wowote, lakini akajua kabisa kwamba dirisha lile la ng'ambo lilikuwa na masikio Milwaukee.

Na sasa tuta. Aliinama akalichunguza pengo kama askari wa upelelezi. Hapakuwa na alama za magurudumu, wala theluji iliyorushwa mbali. Palikuwa na mburuzo mpana, laini, wa beleshi la kusukuma, na nyayo za buti zilizovuka barabara. Basi ni yeye. Na kwa nini afanye hivyo, kama si ili siku atakayoulizwa aweze kusema bila kumung'unya maneno: tuta la mama yako nalitoa mimi?

Huku mtu akikutolea tuta, humwambii asante. Asante ya mdomo humwaibisha. Unaoka nisu, mkate ule mtamu wa iliki, unauacha mlangoni kwake, na jambo limekwisha. Helmi hakuoka. Mkate ungekuwa ni kukiri, na kukiri ni kuuza nyumba. Tuta la pili likaondolewa, na la tatu, na mlango wa Reino haukupata hata makombo. Watu wa kanisani wangesikia, wangemwona hana haya. Aliona aibu kweli, lakini aliimeza.

Mara ya nne aliliwahi. Alipolisikia greda alivaa, akaketi gerejini juu ya ndoo, mlango umefunguliwa kidogo. Kulipopambazuka Reino akaja, beleshi mbele, akisukuma kwa tumbo, akisimama kila baada ya muda na kuuegemea mpini. Alipofika nusu ya tuta, Helmi akatoka.

"Nani kakutuma?"

"Yesu wangu! Mwanamke, unataka kuniua?"

"Nimekuuliza, Reino. Nani kakutuma?"

"Anitume nani mimi, na umri huu?"

"Mashine yako iko wapi? Mbona beleshi?"

Reino akakung'uta glavu. "Dale kaibeba. Mwanangu mwenyewe! Kasema moyo, moyo, daktari kakataza. Sasa anakuja kijana na lori, dakika mbili kamaliza, mimi nimekaa dirishani kama paka. Kwangu hawaniachii hata konzi moja. Nikaona hapa kwako pana tuta zuri."

"Ni tuta langu."

"Najua ni lako."

"Na Marlene?"

"Marlene kafanyaje?" alisema Reino, lakini aliyasema hayo akitazama buti zake.

Helmi akamfukuza. Akaingia ndani anywe kahawa kwanza, hasira ishuke, kisha amalizie nusu iliyobaki kwa mashine. Simu ikalia kabla hajaketi.

"Mama, nina ombi," alisema Marlene. "Dale Saari kanipigia. Anaomba umtupie jicho baba yake. Haruhusiwi kabisa kugusa theluji. Ukimwona nje, niambie."

"Kumbe mnawekeana watu madirishani."

"Mama, usianze."

"Na Reino, ulimwomba anitazame mimi?"

Marlene akavuta pumzi. "Tangu Novemba. Ila anakusifu tu! Anasema unafanya kila kitu peke yako, yeye hajainua kidole."

"Hakukwambia habari za gazeti?"

"Gazeti gani?"

Helmi alisogea dirishani, simu sikioni. Reino alikuwa amerudi. Beleshi lilikuwa limesimama ndani ya tuta, naye alikuwa ameketi kando yake.

"Vipi, leo umemwona nje?"

"Sijamwona," Helmi akasema. "Mapazia yake yamefungwa. Bado amelala." Uongo ulitoka mwepesi hata yeye mwenyewe ukamtisha.

Kisha akaona kwamba Reino hakuwa amepumzika. Alikuwa amejikunja.

Alitoka na kandambili za ndani, simu bado mkononi, theluji ikimwingia vidoleni. Uso wa Reino ulikuwa wa rangi ya majivu. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akaiona simu. Akatikisa kichwa: usiseme.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Nakata sasa hivi nipigie ambulensi. Wewe mpigie Dale, mwambie baba yake yuko hapa kwangu, kwenye tuta."

"Kwako? Anafanya nini kwako?"

Reino alikuwa bado anatikisa kichwa. Helmi akapiga magoti, akamshika mkono.

"Ananisaidia," akasema.