Sindano ya Tatu

Katikati ya Agosti mwaka 1986 shule ilifungwa kule Gede, nilikokuwa nikifundisha darasa la pili, nami nikarudi Malindi kumtazama dadangu Kuluthumu. Alikuwa akikaa mtaa wa Shella kwa mama mkwe wake, Bi Hindu. Mumewe, Abdurahman, alikuwa kazini bandarini Mombasa. Nilifika saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa. Mtoto wao wa pekee, wa miaka sita, alikuwa kwenye mkeka akila mahamri na mbaazi. Uvimbe wa shavu lake ulikuwa umeshuka kabisa. Nilifurahi hata nikasahau kupiga hodi sawasawa.

"Mahdi!" nikamwita.

Hakuinua kichwa. Bi Hindu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Funga kinywa, Mwanamina! Jina hilo halitajwi humu ndani."

"Shikamoo, Bi Hindu."

"Marahaba. Huyu ni Salmin. Ukitaka kumwita, mwite Salmin."

Mwezi wa Mei taya la mtoto huyu lilikuwa limevimba na jino likalegea. Sote tulidhani ni jino. Likang'olewa, na uvimbe ukazidi mpaka jicho likaanza kusukumwa nje. Ndipo tukampeleka Kilifi, kwenye hospitali ya watoto, na Daktari Thuku akatwambia ni saratani.

Alisema kulikuwa na utafiti. Watoto wa kundi moja walipewa dawa iliyozoeleka, na wa kundi la pili walipewa hiyo pamoja na nyingine mpya. Hakuna aliyechagua, si daktari wala mzazi. Bahasha ndiyo iliyoamua. Kuluthumu aliishia darasa la nne, kwa hiyo karatasi ya kibali niliisoma mimi, mstari kwa mstari, naye akatia sahihi. Muuguzi akafungua bahasha: dawa mbili. Sindano zingekuwa sita, moja kila baada ya wiki tatu. Ikichelewa zaidi ya siku saba, mtoto hutolewa katika utafiti na dawa mpya hapewi tena. Mstari huo niliusoma mara mbili.

Sasa pale mkekani nikaelezwa yaliyotokea nilipokuwa Gede. Baada ya sindano ya pili mtoto alitapika siku tatu na nywele zikamtoka zote. Bi Hindu akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaambiwa jina limemlemea mtoto. Mahdi ni jina zito, si kila bega huliweza. Wakapika wali wa sadaka, wakaalika mtaa, wakampa jina la Salmin ili apate salama. Kwa siku arubaini atakayemwita kwa jina la zamani atakuwa anamrudishia maradhi. Na wiki ile ile uvimbe ukashuka.

"Dawa ndiyo iliyoushusha, Bi Hindu," nikasema.

"Dawa ilimnyonyoa kama kuku. Jina ndilo lililoushusha."

Nikamgeukia dadangu. "Sindano ya tatu alichomwa lini?"

Kuluthumu alitazama mkeka. Kisha akaenda chumbani, akarudi na kadi ya hospitali. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyopita, na hakuna aliyempeleka. Nilihesabu kwa vidole kama watoto wangu wa darasa la pili. Leo ilikuwa siku ya saba, ya mwisho.

"Na hospitali hawakumtuma mtu?"

"Alikuja," akajibu Bi Hindu. "Mkamba mmoja na baiskeli yake, anatota jasho. Akaniuliza kuhusu mtoto wa jina lile. Nikamwambia humu hamna mtoto wa jina hilo. Akauliza nyumba hadi nyumba, na wote wakamjibu vivyo hivyo. Nikampa maji ya kunywa akaenda zake."

"Mmemdanganya mtu wa watu."

"Nimemdanganya nini? Yuko wapi huyo aliyemtaka? Mwonyeshe!"

Sikubishana. Nilimwambia Kuluthumu avae. Alisimama katikati ya chumba akimtazama mama mkwe wake, kisha mtoto, kisha mimi.

"Ukivuka kizingiti hicho naye," Bi Hindu akasema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo, "likimpata jambo usije ukanililia."

Kuluthumu alivaa buibui lake, akamshika mtoto mkono.

Tulifika Kilifi saa sita kasoro. Muuguzi wa utafiti, Kache, alilipekua kabati, akatoa faili, akalifungua, akaguna.

"Hili limefungwa, dada. Kioko, aliyetumwa kumtafuta, ameandika: hakupatikana, majirani hawamjui."

"Ndiye huyu," nikasema.

Kache akainama kwa mtoto. "Unaitwa nani, baba?"

"Salmin."

Nikaona uso wa Kache unabadilika. Ndani ya faili mlikuwa na picha: mtoto mwenye nywele tele, nusu ya uso imevimba, jicho limetokeza nje. Mbele yetu alisimama mtoto mwembamba mwenye upara. Hata mimi nisingeapa kwa picha ile.

"Mwezi uliopita," Kache akasema polepole, "mama mmoja ninayemfahamu vizuri alinijia na kadi ya mtoto aliyekufa. Alimleta mdogo wa yule marehemu, amesikia kuna dawa mpya. Sikumlaumu. Lakini sikuweza kumpa."

"Jina wamembadilisha nyumbani. Ni mila."

"Najua mila, hata kwetu Ugiriama zipo. Ngoja nimwite daktari."

Saa ya ukutani ilionyesha sita na dakika ishirini. Mchanganyaji wa dawa alikuwa akiondoka saa saba, asirudi hadi Jumatatu.

Daktari Thuku alikuja akiwa na haraka. Alilinganisha picha na mtoto, akapapasa taya, akatazama pengo la jino. "Huenda ndiye," akasema. "Lakini dawa hii siitoi kwa huenda. Mama, huyu ni nani?"

Nilifungua kinywa.

"Sikukuuliza wewe, dada. Aliyetia sahihi ni mama yake."

Kuluthumu alimshika mtoto bega. "Ni mwanangu," akasema.

"Jina lake?"

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo.

"Siwezi, daktari."

"Basi hata mimi siwezi."

Kache alitazama saa. Mimi nilimtazama dadangu, na sikuthubutu kumsukuma hata kwa jicho, maana kama angelitaja na mtoto akaharibikiwa, nani angelibeba hilo pamoja naye? Saa sita na nusu ikapita. Mtoto alichoka kusimama, akaketi juu ya miguu yangu.

Kuluthumu akapiga magoti mbele yake. Akamziba masikio kwa viganja vyake viwili, kwa nguvu, hata mtoto akacheka akidhani ni mchezo.

"Mahdi," akasema. "Huyu ni Mahdi bin Abdurahman. Nimemzaa mimi."

Sindano ya tatu ilichomwa saa saba kasoro dakika kumi.

Alipata ya nne kwa wakati, na ya tano. Ya sita hakuifikia. Mwanzoni mwa Oktoba tumbo lilianza kujaa, na daktari alipolipapasa alisema saratani imehamia huko. Tulimzika mwisho wa mwezi.

Arubaini ya msiba ilipokwisha, Kuluthumu alikuwa amebaki mifupa. Bi Hindu hakumlaumu hata siku moja, wala hakujitetea. Waliishi wawili wale kwenye nyumba moja wakipishana kama wageni. Jioni moja dadangu aliniambia, "Nenda ukamuulize daktari. Ni kwa sababu nililitaja? Au ni kwa sababu tulichelewa?"

Nilikwenda. Daktari Thuku alinikaribisha kiti.

"Kulitaja jina hakukumuua," akasema. "Siku saba zile, sijui. Kundi lake lina waliopona na waliokufa, na lile jingine vivyo hivyo. Tukimaliza kuhesabu, miaka mitatu ijayo, huenda tukajua ipi dawa bora. Lakini mtoto mmoja kwa nini amekwenda, hilo utafiti hautujibu. Ningekuwa najua ningekwambia, dada."

Niliporudi Shella, Kuluthumu alikuwa akipepeta mchele uani. Bi Hindu aliketi mlangoni, amegeukia ukuta.

"Amesemaje?"

"Amesema si jina."

"Na zile siku?"

Nilivua viatu kwanza.

"Amesema hazikudhuru kitu."

"Amesema kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

Kuluthumu alishusha ungo chini. Bi Hindu, ambaye hakuwa ameuliza chochote, akaanza kulia kwa sauti, na dadangu akainuka kumfuata pale mlangoni.