Chupa ya Shaba Isiyofunguka

Kinyozi wa kona alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa shaba. Shaba mpya inayong'aa madukani hata hakuitupia jicho. Yeye alitaka shaba ya manjano iliyokula chumvi nyingi: kengele zilizopoteza sauti, kufuli ambazo funguo zake zilikwisha kuwa vumbi, mizani iliyobaki na sahani moja, kinu kidogo cha dawa kilichobonyea ubavuni. Vingine aliviweka nyumbani na vingine kwenye rafu ya kinyozini, juu ya kioo, ili mteja akiinua kidevu avione. Mkewe aliviita wake wenzake. "Wiki nzima unawapaka ndimu na majivu," alimwambia, "na mimi mgongo wangu unawasha, hakuna wa kunikuna."

Jumamosi moja, kwa muuza vyuma chakavu, kinyozi alikuta kitu chini ya lundo la mabomba yaliyokatwa. Kilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kitako bapa, mwili wa mviringo, na juu kimechongoka. Kilikuwa cheusi tii kwa uchafu. Akakisugua kwa kidole gumba kilicholowa mate, na manjano ikachungulia.

"Hiyo ni chupa ya marashi ya wakubwa wa zamani," muuza vyuma akamwapia. "Kifuniko ndicho kimekataa."

Kinyozi hakuamini habari za wakubwa, lakini chupa aliitaka. Ilikuwa nzito kupita kiasi, na uzito huo ukamfurahisha, akidhani shaba yenyewe ni nene. Aliibeba mpaka nyumbani kifuani kama mtoto anayelala. Usiku akailoweka kwenye maji ya moto. Akajaribu kuzungusha kifuniko kwa mikono, akajaribu kwa kitambaa, halafu akachukua mchi wa mbao akakigonga shingoni kwa kukizunguka, gonga gonga, akisikiliza. Kimya. Mkewe alichoka kusikia.

"Kaka yangu si fundi bomba?" akasema. "Mpe yeye, tulale."

Kaka huyo alikuwa akikaa nao, na uani alikuwa na meza yake ya kazi yenye jiliwa la kubania mabomba. Basi Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, kinyozi akaiweka chupa juu ya meza ile na kumwambia, "Shemeji, nifungulie hii. Ila tafadhali, usinikwaruzie."

Mteja wake wa kwanza siku hiyo alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzee mkavu ambaye mtaa mzima ulimwita Afande. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, akampaka povu, akamnyoa shavu la kulia. Alipomgeuza kichwa anyoe la kushoto, macho ya Afande yakatua kwenye rafu, juu ya chombo cha shaba kilichotiwa maua ya plastiki.

"Lile ganda umelitoa wapi?" akauliza.

"Ganda gani, Afande? Hicho ni chombo cha maua."

"Ni ganda la mzinga. Likishapigwa, kombora huenda zake, ganda hubaki. Sisi tulikuwa tunayanywea chai." Akatabasamu chini ya povu. "Halina neno, ni tupu."

Kinyozi alifurahi. Si kila siku alipata mtu wa kuzungumza naye habari za shaba. "Kumbe! Basi nina ndugu yake nyumbani, nimempata juzi. Sura ni hiyo hiyo, ila yule ana kifuniko."

Mkono wa Afande ukatoka chini ya shuka ukashika kiganja cha kinyozi, wembe ukiwa bado hewani.

"Kifuniko cha namna gani?"

"Kimechongoka hivi. Kimekwama kabisa, nimekigonga hadi nimechoka."

"Sasa hivi kiko wapi?"

"Kwa shemeji yangu. Anakifungua."

Mzee akasimama, povu shavuni, shuka shingoni. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Hicho si kifuniko. Hilo ndilo kombora lenyewe. Piga simu, waambie wasiliguse."

Kinyozi akapiga kwa mkewe. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Akapiga ya shemeji, ambayo siku zote ilikuwa imezimika, na siku hiyo nayo ilikuwa imezimika. Hakukumbuka kufunga mlango. Alijikuta tu yuko barabarani anakimbia, na Afande nyuma yake, shuka ikipepea.

Watu waliwacheka. Mwanamke aliyekuwa anafagia mbele ya duka aliwauliza kama hilo deni la kunyolewa ni kubwa kiasi hicho. Kinyozi alimsikia kwa mbali. Masikioni mwake kulikuwa na sauti ya mchi tu. Gonga gonga. Usiku ule alikuwa amekiweka magotini, kitandani, uso wake umekaribia, na mkewe amelala pembeni amempa mgongo. Kila alipokata kona alitega sikio kusikia mshindo, na kila mshindo usipokuja alijiambia basi utakuja kona inayofuata.

Kwenye lango Afande alimshika ukosi. "Usipige kelele," akamnong'oneza akihema. "Mtu akishtuka, mikono hucheza."

Wakapita ukumbini, wakafika mlango wa uani. Kinyozi akaona, akasimama hapo hapo.

Chupa haikuwa kwenye jiliwa. Jiliwa lina meno, na kinyozi alikuwa amesema isikwaruzwe. Kwa hiyo shemeji alimwomba dada yake aishike. Mke wa kinyozi alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameikumbatia kifuani kwa taulo, mapaja yameibana, na kaka yake amesimama juu yake na spana kubwa ya bomba iliyofungwa kitambaa, ikiwa imeuma ile ncha iliyochongoka. Pembeni, juu ya meza, moto wa gesi ulikuwa unavuma kwa rangi ya buluu, unasubiri zamu yake kama spana ikishindwa.

"Afadhali umekuja, shemeji," fundi akasema kwa furaha. "Imeanza kulegea."

Kinyozi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mwili wake wote, kuanzia visigino, ulikuwa unamwambia jambo moja tu: geuka. Alishika mwimo wa mlango. Mkewe alimtazama, akaona uso wake, na tabasamu likamfifia taratibu.

Afande ndiye aliyeingia. "Fundi," akasema, kama anayeomba maji ya kunywa, "zima huo moto. Vizuri. Sasa legeza spana, uitoe bila kuvuta. Vizuri sana. Rudi nyuma."

"Kuna nini, mzee?"

"Nitakwambia ukiwa nje."

Fundi akamtazama dada yake, akatazama kile alichoshika, akatazama shuka na povu la mzee. Akaelewa nusu, na nusu ilitosha. Akarudi nyuma.

"Wewe mama," Afande akaendelea, "shika hivyo hivyo. Unaona ule mchanga wa ujenzi pale ukutani? Utainuka polepole, uende ukakilaze pale, kama unavyomlaza mtoto. Usikisimamishe. Kilaze."

Mke wa kinyozi akajaribu kuinuka, akarudi chini. Chupa ikateleza kidogo ndani ya taulo. Jasho lilikuwa linamtiririka puani na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Baba watoto," akasema polepole. "Miguu imekufa ganzi. Njoo uninyanyue."

Hakuwa mbali. Kinyozi alijiona bado ameshika mwimo. Aliviangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine, akavibandua kimoja kimoja, akaenda. Akapitisha mikono yake chini ya ile ya mkewe, ubavu kwa ubavu, akausikia moyo wa mkewe ukipiga, au labda ulikuwa wake mwenyewe. Wakainuka pamoja. Wakaburuza nyayo pamoja hadi ukutani, wakapiga magoti, wakakilaza kile kitu mchangani. Kutoa mikono chini yake ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Mchanga ulinong'ona, kikabingirika kidogo, kikatulia.

"Sasa tembeeni," Afande akasema. "Msikimbie."

Walitembea. Walipofika barabarani ndipo mkewe alipokaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, na kaka yake akatapika kando ya ukuta.

Polisi wakaja, wakaondoa watu majumbani mtaa mzima. Baadaye wakaja wataalamu wa jeshi, na mkubwa wao, mama mmoja aliyevaa koti zito, akaingia uani peke yake. Alipotoka aliuliza kama kuna aliyekigonga.

"Kidogo," kinyozi akasema.

Mkewe alimtazama.

"Bado kilikuwa hai," mtaalamu akasema. "Tena shingo imeshalegea."

Wakakichukua ndani ya sanduku la mchanga, wakakipeleka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Alasiri mshindo ulisikika. Vioo vya madirisha vikatetema, na watu waliokuwa wamesimama wakipiga soga wakanyamaza wote kwa pamoja. Afande alikuwa bado ana ndevu shavu moja, na hakuna aliyemcheka.

Wataalamu walikagua shaba zote zilizobaki, nyumbani na kinyozini, wakasema hazina neno. Kinyozi hakuweza kuzishika. Alizifunika kwa gunia. Hata wembe ulimshinda. Ikabidi wateja wake waende kwa mwingine kwa muda.

Jioni moja walikuwa jikoni, mkewe anachambua mchele na yeye anamenya vitunguu, kazi ambayo hakuwahi kuiomba kabla.

"Siku ile," mkewe akasema bila kuinua uso, "ulikuwa unafikiria nini pale mlangoni?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na maneno tayari, ameyaandaa tangu siku hiyo. "Nilitaka kukimbia," akasema.

Mkewe akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa.

"Hata mimi," akasema. "Ila mikono ilikuwa imejaa."

Ndipo kwa jirani karai likaanguka sakafuni, na kabla hawajajua wamefanya nini walikuwa chini ya meza, mchele umetapakaa kila mahali, wameshikana mabega. Walikaa hivyo wakisikiliza. Jirani alikuwa anamgombeza paka.

"Tutoke?" kinyozi akauliza.

"Ngoja kidogo," mkewe akasema.